Kusomea Utungaji wa Michezo: Tusicheke, Tupime

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa mabarazani siku hizi, Unguja na Pemba, ni hili la vijana wanaomaliza skuli wakataka kwenda vyuo vikuu kusomea utungaji wa michezo ya kompyuta. Mzazi husikia neno "mchezo" akadhani mwanawe amepotea. Afisa anayepitia maombi ya mikopo naye husikia neno hilo hilo, akalisukuma faili chini ya mafaili mengine. Sisi tunaona kwamba wote wawili wamefanya haraka. Na kijana anayedhani kuwa jina la kozi peke yake litampatia kazi amefanya haraka kuwashinda wao.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wa visiwa hivi ndio wa mwisho wanaostahiki kulidharau. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na kete 22 zikabaki mkononi. Mpango huo haukupatikana kwa kubahatisha. Kete za mkononi huingia moja moja kwa kila zamu, na kwa hivyo vita hukua polepole. Nyumba humpa mwenyewe hiari ya kulala au kuendelea na safari, na kutokana na hiari hiyo huzaliwa hila nyingi. Kisha kete za mkononi zikimalizika mchezo hubadilika tabia, ukaingia katika mtaji, ambako mwenye kuona mbali ndiye hutamba. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden, mwaka 1995, juu ya umahiri wa mabingwa wa bao, na mabingwa aliowaendea walikuwa wa hapa Zanzibar. Kutunga mchezo, basi, ni kutunga sheria ambazo watu watazitii kwa hiari yao, na kesho wakarudi kuzitii tena. Ndugu zetu wa Baraza la Wawakilishi watatuelewa tukisema kwamba hiyo si kazi nyepesi.

Ubishi kwa hivyo hauwi juu ya heshima ya kazi. Upo juu ya chuo: je, miaka mitatu au minne na fedha zote zile zinamrudia mtu?

Nchini Marekani, katika mji wa Redmond, kipo chuo kiitwacho DigiPen. Kilianza kufundisha uandishi wa programu za michezo mwaka 1994, wakati huo kikiwa Vancouver nchini Kanada, kwa ushirikiano na kampuni ya Nintendo ya Japani. Mwaka 2005 kikundi cha wanafunzi wake kilikamilisha mchezo ulioitwa Narbacular Drop, ambamo mchezaji hufungua milango miwili ukutani, akaingia kwa huu na kutokea kwa ule. Kampuni ya Valve ilipouona iliwaajiri wanafunzi wale kwa pamoja, na wazo lao likakua likawa mchezo wa Portal, uliotoka mwaka 2007. Atakaye hoja ya kukitetea chuo, hiyo hapo.

Lakini hoja hiyo yafaa itazamwe vizuri. Kilichowafungulia vijana wale mlango ni kitu kilichokamilika na kuchezeka mbele ya macho ya mwajiri. Cheti hakikuulizwa kwanza. Chuo kiliwapa wenzao wa kushirikiana nao, na muda wa kukosea bila ya kufukuzwa kazi. Hayo si madogo, na mwenye kujifunza peke yake chumbani huyakosa. Hata hivyo, ada ya chuo kile imepita dola 30,000 kwa mwaka. Mzee wa Wete na aihesabu kwa pishi za karafuu, kwa miaka minne, kisha atwambie shamba litabakiwa na mikarafuu mingapi.

Wako wengi waliofika bila ya kupita njia hiyo. Shigeru Miyamoto, mtungaji wa Donkey Kong ya mwaka 1981, alisomea usanifu wa bidhaa za viwandani katika chuo cha sanaa cha Kanazawa. Eric Barone wa Marekani alisoma sayansi ya kompyuta, akakosa kazi, akakaa zaidi ya miaka minne akitunga peke yake mchezo wa ukulima, Stardew Valley, ambao tangu utoke mwaka 2016 umeuza mamilioni ya nakala. Na karibu zaidi na kwetu, katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, mama mmoja wa Sudan Kusini aliweka akiba kwa miaka mitatu hata zikatimia dola 300 za kumnunulia mwanawe kompyuta. Mwanawe huyo, Lual Mayen, alijifundisha mwenyewe akatunga Salaam, mchezo wa mkimbizi anayekimbia vita huku akitafuta maji na chakula, na mwaka 2018 akaenziwa katika hafla ya tuzo za michezo huko Los Angeles.

Habari hizi zinatia moyo. Lakini tusije tukawahesabu walioogelea wakafika ufukweni, tukawasahau waliozama. Biashara hii ina dhoruba zake. Mwezi Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 katika kitengo chake cha michezo, na kampuni ya Unity ikatangaza kupunguza kama 1,800. Mwezi uliofuata Sony ikatangaza 900. Watu hao, wengine wakiwa na uzoefu wa miaka mingi, waliingia katika soko moja na kijana mwenye shahada isiyokauka wino.

Swali la mzazi na la Serikali liwe hili: mlango wa michezo ukifungwa, mkononi mwa kijana kutabaki nini? Mchezo wa kompyuta hautengenezwi na fundi mmoja. Yuko mwandishi wa programu, ambaye hana budi kuijua hisabati, kwani kila umbo linalogeuka kwenye kioo hugeuzwa kwa hesabu. Yuko mchoraji, yuko mtu wa sauti, yuko mwandishi wa hadithi. Aliyeishika barabara mojawapo ya fani hizo ataweza kuiandikia hospitali mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, au kuzitengenezea skuli masomo ya picha zinazotembea. Aliyeonjeshwa kila fani kijiko kimoja kimoja, chini ya jina zuri la kozi, atabaki na picha ya mahafali.

Ndiyo maana sisi tunashauri kijana asome sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu chetu cha Taifa, SUZA, au uhuishaji katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na michezo aitunge humo humo akiwa mwanafunzi. Zana hazina kisingizio. Programu ya Godot, iliyoasisiwa na vijana wawili wa Argentina, imeachiwa huru tangu mwaka 2014, na aitumiaye halipi senti. Kujitegemea hakukupata kuwa rahisi namna hii.

Liko jambo jingine, ambalo sisi tuliokaa chuoni kwa mwalimu na msahafu kabla ya kukaa skuli hatuwezi kulinyamazia. Michezo mingi ya simu humuuzia mtoto kasha asilojua lina nini ndani, akalipa tena na tena kwa tamaa ya kupata. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba makasha ya namna hiyo ni kamari. Mtu alikaa akaupanga mtego huo, kwa ustadi ule ule unaopanga nyumba ya bao. Mtaala wowote utakaoanzishwa hapa usipofundisha mpaka baina ya mchezo na kamari, utakuwa unawafunza watoto wetu kuwaibia wadogo zao.

Kwa wanaogawa mikopo, ambayo ni jasho la wananchi, tunatoa rai. Mwombaji asiulizwe tu anapenda nini. Atakiwe alete bao alilolitia mwenyewe ndani ya simu, na aitwe mzee mmoja wa barazani alicheze mbele ya maafisa. Kama kete zinahesabika sawa, kama zilizoliwa zinaanzia kichwa kinachostahiki, na kama nyumba inamwachia mwenyewe hiari yake, ombi hilo lijadiliwe kwa uzito ule ule wa ombi la uhandisi. Asiyeleta kitu aambiwe arudi mwakani, nacho mkononi.