Kanyaga, Shikilia, Achia

Wanawake wenzangu, nani kati yenu ana mke mwenza anayeitwa Subaru? Wangu ni Impreza ya buluu ya mwaka 2003, ina tabo, na nilimkuta kwa mume wangu kabla hata ya uchumba. Basi bwana, nikajifunza kuishi naye. Anaogeshwa kila Jumapili, ananunuliwa rimu, ananunuliwa muziki. Mimi na makochi yangu tunasubiri zamu.

Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, mimi ni mhasibu hapa Shinyanga mjini. Walio kwenye ndoa za huku wanayajua maisha haya: mmoja anafuata dhahabu, mwingine anabaki na nyumba. Akimaliza zamu zake anakuja kwa njia ya Sengerema, Busisi, Usagara, Misungwi, mpaka nyumbani, zaidi ya kilomita 200. Zamani alikuwa anasubiri kivuko pale ziwani, na foleni ile ilikuwa inaniudhi kuliko kitu chochote. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilishangilia kama vile nimejengewa mimi. Sikuwaza kwamba kile kivuko kilikuwa kinampumzisha dereva, na gari pia.

Siku ya tukio nilikuwa naye. Nilimfuata Geita, tukawa tunarudi Jumamosi jioni. Unajua wanaume na tabo: anavuta mpaka 140, anafika kijijini kwenye matuta, anakandamiza breki, akivuka tu anavuta tena. Karibu na Mabuki tukakutana na ng'ombe. Si wawili watatu, jamani, ni kundi zima, limejaa barabara nzima, na kijana na fimbo yake nyuma.

Akakanyaga. Gari likapungua kidogo, halafu nikaona mguu wake unazama kama umekanyaga godoro. Akapampu mara tatu, akashusha gia, akavuta hendibreki, tukaingia kwenye majani. Tulisimama hatua kama nne kutoka kwa dume mmoja mweupe ambaye hata hakuacha kutafuna. Harufu ya kuungua ilijaa ndani. Yule kijana akatupa pole, akapitisha ng'ombe wake.

Nilimwambia mume wangu kitu kimoja tu: ama breki, ama liuzwe.

Kilichotokea kina maelezo, na mimi nilitaka nielezwe kama hesabu. Breki inageuza mwendo kuwa joto. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 60 hadi 120, joto la kusimama linakuwa mara nne. Sasa fluidi ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Ile inayoandikwa DOT 4, ikiwa mpya, haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji ya kutosha, kiwango chake kinashuka hadi 155. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga mapovu, breki haipati kitu. Fluidi yetu ilikuwa nyeusi kama kahawa. Injini iliongezwa nguvu mara mbili tangu tuoane, fluidi haikuwahi kubadilishwa hata mara moja. Wanaume!

Fundi jirani yetu, ambaye huniita shemeji na hunitoza bei ya shemeji, alisema ukweli: kwa watu wengi pedi nzuri na fluidi mpya vinatosha. Ila kwa mwendo wa huyu bwana, akashauri tubadilishe na kalipa za mbele. Kuna zile za pistoni nne zilizokuja kiwandani kwenye Impreza na Legacy kadhaa za Japani. Zinabana diski pande zote mbili, pistoni mbili kila upande, na zinafunga kwenye matundu yaleyale. Sharti ni rimu ya inchi 16 kwenda juu, ndogo zaidi ya hapo inagusa. Zikaagizwa Dar es Salaam, mtumba, zikaja na basi ndani ya kiroba. Pamoja na diski, pedi, mipira na fluidi, laki tisa. Hela ya makochi hiyo, nimeandika ili ibaki kwenye kumbukumbu.

Tukafanya wenyewe uani, Jumamosi. Ardhi yetu ni laini, kwa hiyo tuliweka mbao chini ya jeki, gari likakaa juu ya stendi, matairi ya nyuma yamewekewa mawe. Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama mnapendana. Kalipa za zamani zikafungwa kwa waya zisining'inie kwenye mipira. Washa mpya za shaba kila mpira unapofunga. Bolti zikakazwa kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu, si kwa hasira. Mimi nilipewa kazi ya kuosha: fluidi ikidondokea rangi ya gari inaibabua, inamwagiwa maji palepale.

Kisha kutoa upepo. Yeye chini ameshika spana na mpira unaoingia kwenye chupa, mimi kwenye usukani. "Kanyaga." Nakanyaga. "Shikilia." Anafungua nipeli, upepo unatoka, mguu unashuka. Anafunga. "Achia." Ukiachia kabla hajafunga, umevuta upepo upya. Saa nzima, na pedeli bado laini. Nikaanza kusikia ubaya wa mama mkwe wangu kunifikia mdomoni. Fundi alipopita akacheka: kalipa ya kulia tumeifunga kushoto, ya kushoto kulia, nipeli zinatazama chini. Upepo unapanda juu, hauwezi kutokea chini. Tukafungua, tukaanza tena.

Ilikuwa kwenye tairi la mwisho aliposema, "Shikilia." Halafu, bila kutoa kichwa, "Mke wangu, nikwambie kitu? Mabuki haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa nne ilinizama Sengerema. Sikukwambia."

Nilikuwa nimekanyaga mpaka chini. Siwezi kushuka, siwezi kumtazama, siwezi hata kusogeza mguu. Mwezi wa nne ndio tulikwenda wote watatu, na mtoto, kwenye msiba wa shangazi yake. Alijua, akatupakia.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ungesema niliuze."

"Ningesema urekebishe."

Kimya. Kisha akasema, "Achia," kwa sauti ndogo sana.

Sikuongea naye mpaka usiku. Yaliyosemwa usiku huo ni yetu, ila nilimwambia kwamba gari linalobeba mwanangu halina siri.

Jumapili alfajiri tulitoka kuelekea Maganzo barabara ikiwa tupu, na dereva nilikuwa mimi. Pedi mpya lazima zizoeshwe kwa diski: unatoka 80 unashuka taratibu hadi 20, mara nane tisa hivi, bila kusimama kabisa, halafu unaliendesha tu lipoe. Pedeli ilikuwa ngumu, fupi. Alikuwa amekaa upande wa abiria ameshika mlango, na kwa mara ya kwanza alinisihi nipunguze mwendo.

Tumekubaliana kila safari anasimama Usagara dakika ishirini, diski zipoe na yeye anyooshe miguu, na anipigie. Ijumaa iliyopita alipiga akiwa anatafuna samaki. Nilimsikia mpaka mifupa.