Mzigo wa Joto: Utangulizi wa Fani ya Kupoza Vigunduzi vya Fotoni

Chini ya mashamba ya tumbaku ya Ulyankulu, mkoani Tabora, chini ya mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye miyombo, umelala mwamba wa kale wa graniti ambao umri wake unazidi miaka bilioni mbili na nusu. Ndani yake zimo urani na thori kwa kiasi kidogo mno, nazo huoza polepole. Kila atomi inapooza hutoa chembe ya alfa, na mwaka 1909 Ernest Rutherford na Thomas Royds walichapisha jaribio lililothibitisha kwamba chembe hiyo, ikishatulia, huwa heliamu. Gesi itakayotushughulisha katika kitabu hiki inazaliwa hata saa hii chini ya nyayo za msomaji aliyeko Ulyankulu, Kaliua au Urambo.

Karibu, msomaji. Fani tunayoiingia inahusu namna ya kupoza, kwa mitambo midogo, vigunduzi vinavyoweza kuhesabu fotoni mojamoja, yaani punje za mwanga zisizogawanyika tena. Vigunduzi hivyo hutengenezwa kwa vipitishi kamili, ambavyo vikipoa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, ndiye aliyeifungua milango yote miwili ya fani hii. Julai 1908 aliigeuza heliamu kuwa kimiminika kwa mara ya kwanza, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Aprili 1911, akitumia heliamu hiyo kupoza zebaki, aliona ukinzani wa zebaki ukitoweka ghafla.

Kigunduzi chenyewe kilikuja baadaye sana. Mwaka 2001 Gregory Gol'tsman na wenzake wa Moscow walionyesha kwamba uzi mwembamba wa nitridi ya niobi unaweza kuhisi fotoni moja. Unene wa uzi wa namna hii ni nanomita 5 hivi, upana wake nanomita 100 au zaidi kidogo, nao hulazwa kwa kupindapinda mpaka ujaze eneo dogo linalopokea mwanga. Umeme hupitishwa humo ukiwa karibu kabisa na kikomo ambacho uzi unaweza kuuhimili. Fotoni ikitua, nguvu yake, ingawa ni ndogo mno kwetu, inazidi zaidi ya mara mia ile inayozishikilia elektroni za kipitishi kamili mbilimbili, katika jozi. Jozi nyingi huvunjika kwa mpigo. Kipande hicho cha uzi hupata ukinzani, umeme hukwama, na kwenye vyombo vya nje huonekana mruko mdogo wa volti. Kisha uzi hupoa na kuwa tayari kwa fotoni nyingine, yote hayo katika makumi ya nanosekunde. Miaka yote niliyoisoma kazi hii haijanipunguzia mshangao: punje moja ya mwanga inaacha alama ambayo mtu anaweza kuisoma kwenye skrini.

Faida yake ni kubwa. Mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, ambao hupungua kidogo sana katika nyuzi za kioo na hivyo kutumika sana katika mikongo ya mawasiliano kama Mkongo wa Taifa unaofika Tabora, ni miongoni mwa mianga ambayo vigunduzi hivi huikamata vizuri kuliko vingine. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliotumia uzi wa tangsteni na silikoni walifikia ufanisi wa asilimia 93. Desemba 2023 chombo cha anga Psyche kilituma video kwa leza kutoka umbali wa kilomita milioni 31, na fotoni chache zilizofika duniani zilipokelewa na vigunduzi vya aina hii kwenye darubini ya Palomar, California.

Makala nyingi za sayansi hukomea hapo, kwenye ajabu ya kigunduzi. Mimi naamini kiini cha fani kimejificha nyuma yake, kwenye mashine inayonguruma pembeni. Uzi wa nitridi ya niobi hufanya kazi vizuri kwenye kelvini 2 hadi 3, yaani nyuzi 2 hadi 3 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo, na ule wa tangsteni na silikoni hudai kelvini 1 au chini yake. Baridi ya kumiminwa haipo. Lililopo ni joto, na kila chembe yake inayopenya ndani lazima ibebwe itolewe nje.

Kazi ya kubeba mizigo mbali Wanyamwezi waliijua sana. Katika karne ya 19 wapagazi wao walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kituo kwa kituo. Katika mtambo wa kupoza mpagazi ni heliamu. Kompresa huikandamiza gesi, gesi hupata joto, na joto hilo hutupwa chumbani. Kisha gesi hupita kwenye bomba hadi kichwa cha baridi, hutanuka, huchukua joto la pale, na kurudi na mzigo wake kuutua nje. Safari hii hurudiwa kila sekunde, na gesi ni ileile kwa miaka. Mtambo una vituo viwili: cha kwanza hupoa hadi kelvini 40 au 50, cha pili hadi kelvini 4 au chini kidogo. Kituo cha kwanza ndicho hupokea mzigo mkubwa, kwa sababu ukuta wa joto la kawaida la chumba unaweza kutoa mionzi ya joto ya wati 460 kwa kila mita ya mraba, ilhali ngao ya kelvini 40 hutoa chini yake kwa zaidi ya mara 3,000.

Hapa hesabu ni kali. Sheria za joto zinasema kwamba kutoa wati 1 kutoka kelvini 4 hadi joto la chumba kunadai angalau wati 74 za kazi. Mtambo mdogo unaotumika sana maabara hutoa wati 0.1 tu kwenye kelvini 4, na kompresa yake hula zaidi ya kilowati 1. Yaani ufanisi wake haufiki hata sehemu moja katika mia ya ule ambao maumbile yanauruhusu. Anayeishi kwa umeme wa jua ataelewa upesi kwa nini nasema hapa ndipo penye kazi.

Sababu mojawapo ya upotevu huo inastahili kutajwa. Gesi inapokwenda na kurudi hupita kwenye vipunje vya metali vinavyohifadhi joto kwa muda. Risasi ilitumika miaka mingi, lakini karibu na kelvini 4 risasi huishiwa na uwezo wa kuhifadhi joto. Mitambo ya aina hii iliifikia kelvini 4 mnamo mwaka 1990, wanasayansi wa Japani walipotumia misombo ya erbi na nikeli, ambayo huendelea kupokea joto kutokana na usumaku wake.

Njia nyingine ni kuipitisha heliamu yenye shinikizo kwenye tundu jembamba ili ipoe inapotanuka. Heliamu ni kaidi: ikiwa juu ya kelvini 40 au 50 hupata joto badala ya kupoa, kwa hiyo sharti itangulie kupozwa kwa mashine nyingine. Mpangilio huo ulibebwa na setilaiti Planck ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 2009. Mwaka 2017 watafiti wa Glasgow na wa maabara ya Rutherford Appleton walionyesha mtambo mdogo uliotokana na teknolojia hiyo ukipoza kigunduzi cha fotoni.

Nirudi kwenye mwamba. Juni 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini mwa Tabora kupita Mpanda, lina heliamu nyingi. Sehemu moja tu ya bonde ilikadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54. Walieleza kwamba joto la volkano za Bonde la Ufa liliisukuma gesi itoke katika miamba ya kale ilimofungiwa. Tangu hapo visima vimechimbwa. Ningependa sana kuona vijana wa Tabora wakijua kuitumia gesi hiyo, pamoja na kuiuza.

Mambo mengi bado yako wazi. Mtetemo wa kompresa husumbua vipimo. Mwaka 2023 nyuzi za vipitishi vinavyostahimili joto zaidi zilihesabu fotoni kwenye kelvini 20 na zaidi, na zikikomaa, kituo cha pili cha mtambo huenda kisihitajike. Fundi friji anayejua kutafuta uvujaji wa gesi ana mengi ya kuchangia kwenye fani hii, na mwanafunzi wa kidato cha sita anazo hesabu za kutosha kuanzia. Sura ya kwanza ni ya ombwe, kwa kuwa hewa yoyote ikibaki katika chombo chenye kigunduzi huingiza joto mtambo unapoanza kupoa, kisha huganda juu ya kila kilichokwisha kupoa.