Maombi ya Fedha za Sayansi Shuleni: Yaanze na Lebo ya Dawa

Mtoto wako aliye gredi ya saba, je, aweza kusoma lebo ya dawa ya kunyunyizia mboga na kukueleza maana yake? Mjaribu jioni ya leo. Mwulize utepe wa rangi ulio chini ya lebo wasema nini. Mwekundu ni sumu kali kabisa, manjano yafuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote (ingawa hata hiyo si maji ya kunywa). Mwulize ni siku ngapi za kungoja baada ya kunyunyiza kabla ya kuchuma sukuma wiki. Kisha mpe hesabu hii: lebo yasema mililita 40 kwa pampu ya lita 20, lakini pampu ya nyumbani ni ya lita 15, atie dawa kiasi gani? Jibu ni mililita 30. Wengi wetu hupima kwa kifuniko cha chupa na kukadiria kwa macho. Dawa ikizidi, mlaji hula sumu. Ikipungua, wadudu huizoea na fedha yako imekwenda bure.

Nimeanza hapo kwa sababu wazazi na walimu wengi wa upande wa Thika na Ruiru wataka kuomba msaada wa fedha ili watoto wajifunze sayansi. Gredi ya saba ilipoanza mwaka 2023, iliwekwa katika shule za msingi, na nyingi kati ya hizo hazikujengwa zikiwa na maabara. Basi wazee hukaa kikao, wakaandika barua ya ukurasa mmoja: "Twaomba maabara." Barua ya namna hiyo mara nyingi haijibiwi, wala si ajabu. Mwenye fedha hajapata kuiona shule yenu, na shule mia nyingine zamwandikia maneno yale yale.

Andiko la mradi lenye nguvu huanza na jambo lililopimwa. Mwalimu na achukue maswali matano kama yale ya hapo juu, awape watoto wote wa gredi ya saba bila kuwatayarisha, kisha ahesabu. Tuseme watoto ni 45, na waliojibu sawa hesabu ya pampu ni 9. Hapo mna sentensi moja ambayo hakuna shule nyingine iwezayo kuiandika: "Katika shule yetu, watoto 36 kati ya 45 hawawezi kupima dawa ambayo wazazi wao hutumia kila wiki." Andikeni na tarehe ya jaribio. Mwisho wa mwaka mtawapa maswali ya aina ile ile, na mwenye fedha ataona mwenyewe kama fedha yake imefanya kazi. Lakini angalieni: tumieni nakala ya lebo iliyochapwa karatasini. Mtoto asitumwe kuleta chupa tupu ya dawa shuleni, hata iliyooshwa.

Mkisha kupima, ndipo mwulize mwataka kununua nini. Mtaona kwamba vitu vingi vya lazima ni vidogo: mitungi ya kupimia mililita, mizani, karatasi za kupimia asidi ya udongo, kipimo cha mvua. Hicho cha mvua pekee chatosha masomo ya muhula mzima. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo bati la mita 100 za mraba likipata milimita 10 limepokea lita 1,000. Mtoto akijua hayo, atauliza nyumbani kwa nini hakuna tangi. Jengo la maabara laweza kuja baadaye, na litaombwa kwa urahisi zaidi na shule iliyokwisha kuonyesha kazi.

Tena mna jirani ambao shule za mbali hazina. Ruiru iko Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, ambako ilitoka Ruiru 11 mwaka 1985, kahawa istahimiliyo ugonjwa wa CBD na kutu ya majani. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Thika kuna kituo cha KALRO cha utafiti wa mboga na matunda. Ombeni ruhusa ya kuwapeleka watoto, na jibu lao la maandishi likifika, liambatisheni na andiko lenu. Msiandike jina la mtu au la taasisi kabla hamjapata barua yake. Mwenye fedha hupiga simu kuuliza.

Kuhusu mahali pa kupeleka maombi, wengi hupotea njia. Kwa Katiba ya mwaka 2010, shule za msingi na za upili ni kazi ya Serikali ya Taifa. Kaunti yashughulika na chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Kilimo, hata hivyo, ni kazi ya kaunti, kwa hiyo afisa wa kilimo wa wadi mwaweza kumwomba saa zake, si fedha zake. Balozi nyingine huwa na fungu la miradi midogo. La Japani, lililoanza mwaka 1989, hulipia majengo na vifaa, bali mishahara halilipi. Someni masharti kwanza, maana kila mmoja ana yake.

Katika ukurasa wa fedha, kila kifaa kiwe na bei kutoka maduka matatu, kwa karatasi zenye mihuri. Andikeni pia mtakachotoa wenyewe: siku za kazi za wazazi, kipande cha ardhi cha bustani, meza za fundi wa kijijini, kila kimoja kwa thamani yake ya haki. Halafu jibuni swali ambalo wengi hulikwepa: karatasi za kupimia zikiisha mwaka wa pili, nani atanunua nyingine? Mboga za bustani ya shule zaweza kulipia hilo, mkionyesha hesabu.

Fedha ziingie katika akaunti ya shule, chini ya Bodi ya Usimamizi, wala si kwa mtu. Na wawekeni walimu wawili au watatu wenye kuujua mradi, kwa kuwa mwalimu aweza kuhamishwa wakati wowote. Kabla ya kutuma, mpeni mzazi asiye katika kamati asome kurasa zote, kisha awaeleze mwaomba nini na kwa nini. Akikwama mahali, andikeni upya hapo. Tunzeni nakala moja katika faili ya shule, yenye tarehe iliyotumwa.