Vineno vidogo vya Kingereza vinavyobeba zahabu yetu

Mwenye kuchimba hapa Minembwe, ao kule chini upande wa Misisi na Lulimba, anaweza kumaliza miaka kumi bila kusoma hata ukurasa mmoja wa Kingereza. Lakini kama mnunuzi wa mwisho atakubali zahabu yake ao ataikataa, mara nyingi jambo hilo limekwisha kupangwa ndani ya sentensi iliyoandikwa kwa lugha ile. Leo tunaongea juu ya ile sentensi, na zaidi juu ya vineno vyake vidogo: «or», «and», «as well as», «provided that». Shuleni walituambia ni vya kuunganisha tu. Watu wanaviruka, wanatafuta maneno manene kama «gold» na «price». Sisi tunaona mzigo uko kwenye kile kidogo, juu ndicho kinachoongeza jambo lingine ambalo hukulitazamia.

Wazee wa mashimo wanakumbuka ile iliyoitwa «loi Obama». Tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka 2010, Rais Barack Obama alisinya huko Marekani sheria ndefu sana juu ya mabanki, inaitwa Dodd-Frank. Ndani yake, kipengele cha 1502 kinaomba kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani ziseme kama koltani, kasiterite, wolframite na zahabu wanazotumia zinatoka Kongo. Sentensi ingekatika pale, mjanja angesema: mimi nimenunua Bujumbura, Kongo siijui. Lakini haikukatika. Iliendelea: «or an adjoining country», ao nchi inayopakana nayo.

Kineno «or» kilivuta nchi tisa mara moja. Kwa hesabu ya leo ni Angola, Burundi, Afrika ya Kati, Kongo-Brazzaville, Rwanda, Sudani Kusini, Tanzania, Uganda na Zambia. Zahabu iliyotoka Baraka kwa mtumbwi mpaka Kigoma iko bado ndani ya sentensi. Ile iliyopita Uvira ikavuka mpaka, vilevile.

Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka ule ule, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kusini, Kivu ya Kaskazini na Maniema, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Kazi ilipofunguliwa, wanunuzi wengi wa kasiterite na koltani huko ngambo walikuwa wanarudi nyuma. Hatusemi kineno kimoja ndicho kilifunga mashimo. Vita na siasa vilikuwa na sehemu yao. Ila familia zilizokosa pesa ya shule mwaka ule zilikuwa zimeguswa na sentensi ambayo hakuna mtu aliyewasomea.

Karatasi ya pili ni muongozo wa OECD, shirika la nchi tajiri lenye makao yake Paris. Ulitoka 2011, na sehemu ya zahabu ikaongezwa 2012. Unaambia kampuni zisinunue kwa mtu anayesaidia makundi yenye silaha, moja kwa moja «or» kwa njia ya pembeni. Kisha unaeleza kundi la namna gani: lile linaloshika mashimo, ao linaloshika njia na masoko ya madini, lile linalotoza watu pesa ao madini mlangoni mwa shimo, njiani ao sokoni, «and/or» lile linalotoza wafanyabiashara wa kati na wenye kupeleka inje. Tazama pale. Msomaji wa haraka atafikiri lazima mambo yote yawepo pamoja. Hapana. «And/or» ni «na ao», yaani moja peke yake linatosha. Shimo lako linaweza kuwa safi kabisa, hakuna bunduki karibu, lakini barieri moja ya watu wenye silaha kwenye njia ya kuteremka inaingiza gunia lako ndani ya ile karatasi.

Na kampuni ikiona hatari ile, muongozo unaiambia isimamishe ao ikate uhusiano mara moja, hata na muuzaji ambaye ni «linked to», yaani amefungamana tu na yule mwenye kosa. Kumbe kama wanaotoza ni watu wa usalama wa Leta, maneno yanabadilika: kampuni itengeneze kwanza mpango wa kurekebisha, na ikishindikana ndani ya miezi sita ndipo iache. Wanakoperative wanaoandika ripoti juu ya barieri wajue tofauti hii. Kuandika «wenye silaha» bila kusema ni nani kunaweza kuwagharimu miezi sita.

Ulaya nayo ina sheria yake namba 2017/821, iliyoanza kazi tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2021. Pale tunakutana na «as well as». Mwanafunzi anayeanza anaona «well» anasema ni «vizuri», mwingine anasema ni kisima. Vyote viwili si kweli hapa. Maana yake ni «pamoja na», «na tena». Sheria inataja kwanza sehemu zenye vita ao zilizotoka vitani juzi, halafu, «as well as», sehemu ambazo utawala na usalama ni dhaifu ao haupo. Kwa hiyo milima ambayo bunduki zimenyamaza haijatoka bado, imeingia kwa mlango wa pili. Lakini soma mpaka mwisho: kwenye mlango huo wa pili kuna «and», na nyuma yake uvunjaji wa haki za watu ulio mwingi na wa kila mara. Udhaifu wa utawala peke yake hautoshi. Lazima vyote viwili. Mwenye kutetea eneo lake mbele ya mnunuzi angeshika ile «and» kwa mikono miwili.

Sisi wenye Kiswahili tunajikwaa hapa kwa sababu «na» yetu inafanya kazi nyingi. «Nimekuja na PDG», «zahabu na kasiterite», «amelipwa na mnunuzi»: «na» tatu, maana tatu. Tena «ao» yetu, mara ni chagua kimoja, mara ni vyovyote. Code minier ilivyobadilishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji wa mikono awe Mkongomani mkubwa wa umri, awe na kadi, na awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Tumesikia watu wakisema kadi «ao» koperative. Ni vyote.

Tufanye mfano wa kontra, tumeutunga wenyewe: «The buyer will pay at the mine, provided that the gold passes the test in Bukavu.» Kijana aliyefika darasa la sita ataona «pay at the mine», atafurahi: watalipa hapa hapa shimoni. «Provided» anafikiri ni «imetolewa». Kumbe «provided that» ni «ila tu kama». Zahabu ikianguka kwenye kipimo cha Bukavu, hakuna malipo ya shimoni, na ndani ya mfano wetu hakuna mahali palipoandikwa nani analeta zahabu ile nyuma, ao nani anahesabu gramu zilizobaki.

Mtu akikutafsiria karatasi kwenye telefone, mwambie asikueleze kwa ufupi. Asome «or» kwa «or», na kila mara umuulize: hapa ni moja linatosha ao ni yote? Muongozo wa OECD na sheria ya Ulaya viko pia kwa Kifaransa, na pale utaulizia «et», «ou» na «ainsi que». Mtoto wako anayesoma sekondari Baraka anavijua vizuri kuliko mtu aliyekuletea kontra.