KIBABA CHA MAFUTA: CHAKULA NA UZAZI WA NDEGE WA BAHARI YA BARAFU

Kila mfugaji wa kuku ajua ya kuwa kuku asiyelishwa vema hutaga mayai machache, na vifaranga vyake hudhoofu. Kanuni hiyo huwatawala pia ndege wa bahari walioko mbali sana, katika nchi za barafu.

Svalbard ni visiwa vya Norwei vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini. Majira ya joto yakifika, jua halitui kwa miezi kadhaa, na ndipo wajapo kuzaa ndege wadogo ambao wataalamu huwaita Alle alle. Ndege huyu ni mweusi mgongoni na mweupe tumboni, na uzito wake ni kama gramu 160 tu. Hutaga yai moja kati ya mawe yaliyoporomoka mlimani. Mume na mke huliatamia kwa zamu yapata siku 29, kisha wote wawili humlisha kinda. Kinda akifa, hawana mwingine mpaka mwaka ujao.

Chakula chao kikubwa ni vijidudu vya baharini, jamii ya kamba, viitwavyo kalanusi. Aina moja hukaa katika maji baridi yatokayo upande wa Ncha. Aina nyingine huletwa na mkondo wa maji yenye joto kidogo utokao Bahari ya Atlantiki. Kalanusi wa baridi ni mkubwa zaidi, ingawa hazidi punje ya mtama. Wakati wa neema hujiwekea akiba ya mafuta ili apate kuishi katika miezi ya giza, na mafuta hayo yaweza kuwa mara kumi ya yale aliyo nayo mwenzake wa Atlantiki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mzazi hubeba chakula katika kifuko kilicho kooni mwake, na kifuko hicho ni kama kibaba cha dukani: kipimo chake hakiongezeki. Akikijaza kalanusi wenye mafuta, kinda hupata joto, nyama na manyoya. Akikijaza wale wasio na mafuta mengi, safari ni ile ile na uchovu ni ule ule, lakini kinda hupata nguvu kidogo. Tena mzazi mwenyewe hana budi kula. Katika Greenland ya Mashariki, wataalamu walikadiria kwamba ndege mmoja alishaye kinda huhitaji kama kalanusi 60,000 kwa siku.

Kwa sababu hiyo wazazi hufanya safari za namna mbili: fupi fupi, kwa ajili ya kinda, na ndefu, ya kujilisha wenyewe. Huko Svalbard, ndege wa Hornsund huyapata maji baridi karibu na makao yao. Wale wa Magdalenefjorden, palipo na maji mengi ya Atlantiki, hulazimika kwenda mbali, hata kwenye ukingo wa barafu. Ilionekana kwamba makinda wa Hornsund walikua upesi zaidi.

Si kwamba ndege hawa hawajui kubadili desturi. Katika visiwa vya Franz Josef Land, barafu ya bahari ilipopungua, walianza kuwinda mahali ambapo maji ya barafu iyeyukayo huingia baharini na kuvilegeza vijidudu. Makinda waliendelea kukua vema, lakini wazazi walikonda kidogo. Yaani, kinda alilipiwa kutoka katika mwili wa mzazi.

Basi maji ya kaskazini yakizidi kupata joto, bahari yaweza kuonekana imejaa chakula, na hata hivyo kinda akalala na njaa. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kwa ndege huyu, kibaba kujaa hakutoshi. Hapana budi kijae mafuta.