Hita ya gesi ndani ya gari la kulala: uliza moshi unatokea wapi kabla ya kuuliza bei

Mpwa wangu aliyeko Uingereza amenunua gari la ukubwa wa matatu, akang'oa viti na kuweka kitanda na jiko. Kodi ya chumba imemshinda, kwa hivyo hilo ndilo nyumba yake. Msimu wa baridi unakaribia na ameniuliza, kwa kuwa kazi yangu ni kufunga gesi mahotelini, anunue hita gani ya propani. Najua si yeye peke yake mwenye swali hili, kwa hivyo namjibu hapa ili na wengine wenye jamaa huko wafaidike.

Hita hizi ni za aina mbili. Ya kwanza huwashwa ndani na moshi wake hubaki humo humo. Ni rahisi, hubebeka, na haitaki umeme. Ya pili hufungwa moja kwa moja kwenye gari: huvuta hewa kutoka nje kwa bomba, huchoma gesi ndani ya chumba kilichozibwa, kisha hutoa moshi nje kwa bomba jingine. Feni husukuma hewa safi yenye joto ndani. Hii ni ghali, na hutaka betri ya volti 12 pamoja na fundi anayejua kazi.

Kwa mtu anayelala garini, mimi nasema ya pili. Sote tumewahi kusikia habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani, milango imefungwa, wasiamke. Kilichowaua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hita ya gesi ikikosa hewa ya kutosha hutoa sumu hiyo hiyo, na gari ni dogo kuliko chumba. Baadhi ya hita za aina ya kwanza zina kifaa cha kuzima moto oksijeni ikipungua. Ni kizuri, lakini hakipimi kaboni monoksidi. Kwa hiyo hita kama hiyo ni ya kupasha joto ukiwa macho, dirisha likiwa wazi kidogo, na huzimwa kabla ya kulala.

Kuna na jambo la unyevu. Kila kilo moja ya propani ikiungua hutoa maji zaidi ya lita moja na nusu, kwa njia ya mvuke. Moshi ukibaki ndani, maji hayo huishia kwenye vioo, godoro na mabati. Baada ya muda utaona ukungu na kutu.

Kuhusu ukubwa, gari la kiasi hicho lililowekwa vizuri vizuizi vya baridi hutoshwa na hita ya kama kilowati 2. Ikiwaka kwa nguvu zote hutumia takriban gramu 150 kwa saa, yaani mtungi wa kilo 6 huenda saa 40 hivi. Kubwa kupita kiasi itakuchemsha, kisha izime, kisha iwake tena usiku kucha.

Angalia pia gesi yenyewe. Mitungi yetu huku huwa na mchanganyiko wa propani na butani, na kwa joto la Mombasa haina shida. Lakini butani huacha kugeuka mvuke baridi ikifika karibu nyuzi 0, na moto hufifia. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Huko kwenye barafu, nunua propani tupu, na regulata inayolingana na kipimo kilichoandikwa kwenye hita.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi ukae wima, ndani ya kabati lililozibwa upande wa chumba na lenye tundu chini linalotokea nje. Viungo vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni. Usipime kwa kiberiti kamwe.

Mwisho, kengele ya kaboni monoksidi inunuliwe siku moja na hita, hata kama hita ni ile ya bomba. Bomba huziba na viungo hulegea. Pesa zikiwa hazitoshi vyote viwili, kengele itangulie, na usiku ajifunike blanketi mbili.