Kufundisha Watoto Kuangalia Mihogo

Wazazi, mtoto akirudi toka masomo, msimwulize tu: “Umesoma nini?” Mpelekeni shambani, mkamwulize: “Unaona nini?”

Angalieni mihogo. Majani mengine yana madoa ya manjano, yamejikunja. Watu husema ni jua ao udongo mbaya. Mimi pia nilisema hivyo zamani. Lakini mtoto ageuze jani polepole, asubuhi kungali baridi: chini yake ataona wadudu weupe, wadogo sana. Ndio wanaochukua ugonjwa toka mti huu mpaka mti ule. Na kipande cha mti mgonjwa, ukikipanda, kinaota na ugonjwa wake.

Sasa kazi ya macho. Mihogo ingali michanga, mtoto achague miti 10, aiangalie kila juma, miti ile ile, aandike. Majani ya chini, yale ya kwanza, yakiwa na madoa, ugonjwa umetoka katika mbegu. Ya chini yakiwa mazuri, na ya juu tu yana madoa, wadudu wameuleta nyuma. Ng'oeni mti mgonjwa mapema. Mbegu mkate katika miti isiyo na doa. Msingojee siku ya kuchimba: mizizi itakuwa midogo.